Nitajieleza Vipi Mbele ya Jopo la Usaili?

SWALI: Shikamoo Mshauri. Mimi ni binti wa miaka 25, mkazi wa Masasi, mwenye stashahada ya uhasibu. Nimefaulu usaili wa mchujo wa nafasi ya msaidizi wa hesabu katika utumishi wa umma, na sasa nimeitwa Mtwara Mjini kwa mahojiano. Mwaka jana, katika usaili mwingine, niliambiwa "Tueleze kuhusu wewe", nikataja jina, shule nilizosoma na kwamba mimi ni mchapakazi na mwaminifu, kisha nikaishiwa maneno. Uzoefu sina, isipokuwa msimu mmoja wa korosho nilipojitolea kuandika daftari la mizani katika chama chetu cha msingi cha ushirika, ambako niligundua kosa la kilo 9 za mkulima mmoja. Nijiandae vipi?
Msomaji, Masasi

JIBU: Marahaba, mwanangu. Unasema huna uzoefu, na papo hapo unautaja. Neno "mchapakazi" jopo hulisikia kwa kila msailiwa na halina namna ya kulipima, lakini kilo 9 zinapimika. Kwa hiyo, ukishataja jina na elimu yako kwa ufupi, ingia kwenye daftari hilo: stakabadhi ya mkulima ilionyesha kilo ngapi, daftari lilisema ngapi, ulianzia wapi kutafuta, ulimwarifu nani, na kosa lilirekebishwaje kabla ya mzigo kupelekwa ghala kuu kusubiri mnada. Tuseme stakabadhi ilikuwa na 421 na daftari 412; waeleze kwamba tofauti inayogawanyika kwa 9 humfanya mtu wa hesabu ashuku kwanza tarakimu zilizopishana wakati wa kunakili. Hata hivyo usiongeze chumvi. Kama siku ile hukuijua kanuni hiyo, sema umejifunza baadaye, kwa sababu wasaili huchimba, na jibu la kubuni huporomoka kwenye swali la pili.

Jizoeze kwa sauti, wala si kimoyomoyo. Mketishe barazani mama au shangazi asiyejua uhasibu, umsimulie kisa hicho kwa dakika 2; akikuuliza, "Sasa hizo kilo zilikuwa zimekwenda wapi?", ujue kuna hatua umeiruka.

Mavazi yawe nadhifu na ya heshima, hayo hayana mjadala mrefu. Kinachonitia wasiwasi zaidi ni vyeti, kwani wapo vijana wanaojua kazi ambao hurudishwa mlangoni. Usaili wa serikali hutaka vyeti halisi, kuanzia cha kuzaliwa na cha kidato cha nne hadi cha taaluma, pamoja na kitambulisho. Hati ya matokeo haikubaliwi badala ya cheti. Vitandaze mezani leo hii, usome jina lako herufi kwa herufi kwenye kila kimoja. Majina yakitofautiana, shughulikia mapema hati ya kisheria inayoonyesha kwamba yote ni yako, maana haipatikani asubuhi ya usaili. Nauli na malazi ni juu yako, basi tenga fedha ya kulala Mtwara usiku wa kuamkia mahojiano.