Barua ya PayPal ikikutisha, ingia kwenye akaunti kwa njia yako

Natafsiri hati za wateja wa nje. Nalipwa kwa PayPal, huduma ya kulipana mtandaoni, kisha naihamishia pesa M-Pesa, njia ambayo sisi Wakenya tumekuwa nayo tangu 2018. Kwa kazi za namna hii baruapepe bandia hazikauki: mara akaunti imefungwa, mara kuna malipo yanasubiri, mara umenunua kitu usichokijua. Wenzangu wakiniletea barua hizo nawauliza swali moja kabla ya yote: ukiingia mwenyewe kwenye akaunti, unaona nini?

Naanza hapo kwa sababu ule ushauri wa kutafuta makosa ya lugha umechakaa. Kiingereza cha matapeli siku hizi kimenyooka, nembo ni ileile, buluu ni ileile. Anwani bado inafaa kukaguliwa, mradi uisome inavyopaswa. Jina la mtumaji linalotokea juu mtu yeyote anaweza kujiandikia. Liguse ili anwani kamili ionekane. Kwenye kiungo, tafuta mkwaju (alama hii: /) wa kwanza baada ya https:// kisha urudi nyuma kushoto. Maneno yaliyo karibu kabisa na mkwaju huo ndiyo yanayomtaja mwenye tovuti. Kwa hiyo paypal.com.uhakiki.example/ingia ni mali ya uhakiki.example, wala PayPal haihusiki. Na tarakimu 1 ikikaa mahali pa herufi l, kwenye kioo cha simu huioni kwa urahisi.

Iko barua nyingine, na hii ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi, kwa sababu inawapita hata wanaokagua anwani. Imetoka service@paypal.com, na ni kweli imetoka huko. Tapeli amefungua akaunti yake, akatumia huduma ya kawaida ya kutuma ankara, na kwenye nafasi ya maelezo kwa mteja akaandika maneno kama haya: "Akaunti yako itakatwa dola 499.99 za Bitcoin. Kama si wewe uliyenunua, piga namba hii ndani ya saa 24." Chini yake kuna namba inayoanza na +1.

Tazama ujanja ulipo. Ankara ni ombi la kulipwa, na mpaka hapo hakuna hata senti iliyotoka kwako. Viungo vyote vinaweza kuwa halali. Mtego ni ile namba ya simu. Ukipiga, utapokewa na mtu mpole anayejiita wa huduma kwa wateja, atakusikitikia, kisha atakuomba upakue AnyDesk "ili akurudishie pesa." Hiyo ni programu halali ambayo mafundi huitumia kila siku. Lakini ukishamsomea mgeni zile tarakimu ambazo programu hiyo inakuonyesha na kumruhusu aingie, anaiona na kuiendesha kompyuta yako, pamoja na benki uliyoifungua. Usipige. Fungua programu ya PayPal mwenyewe, utazame orodha ya miamala. Ukiikuta ankara hiyo humo, usiilipe. Iripoti na uifute. Barua yenyewe ipeleke mbele kwa phishing@paypal.com kabla hujaitupa.

Wauzaji wana mtego wao. Dada mmoja ninayefahamiana naye anauza vikapu mtandaoni. Alinitumia picha ya barua: mnunuzi amelipa, pesa "zimezuiliwa," na zitaachiliwa akishatuma kwanza nauli ya msafirishaji kwa M-Pesa.

"Kaka, pesa si imeshaingia? Hii hapa barua."

"Ingia kwenye akaunti, dada. Salio linasemaje?"

Salio lilikuwa palepale, na kwenye miamala hakukuwa na lolote linalosubiri. Hakutuma. Huu ni ule utapeli wa "ile hela tuma kwenye namba hii," ila umeandikwa kwa Kiingereza na kuwekewa nembo. Malipo halali yakizuiliwa, zuio hilo utalikuta ndani ya akaunti, na hutaombwa umtumie mtu pesa ili liondolewe.

Kama umeshabofya na kuandika nywila, usikae ukijilaumu, muda ni mali. Badilisha nywila ya baruapepe kwanza, maana anayeishika baruapepe anaweza kuomba nywila mpya za kila kitu kingine. Halafu PayPal, kisha kokote ulikotumia nywila hiyohiyo. Washa uthibitisho wa hatua mbili, yaani baada ya nywila unaandika pia namba ya muda, lakini usiufanye kinga ya kila kitu: ukurasa bandia unaweza kuichukua namba uliyoandika na kuipeleka kwenye tovuti halisi papo hapo. Programu ya kutunza nywila inasaidia hapa, kwa kuwa kwenye anwani isiyoitambua haijazi chochote. Ikikaa kimya mahali ambapo hujaza kila siku, simama.

Kama umetoa namba za kadi, pigia benki kwa namba iliyo nyuma ya kadi. Kama ulimruhusu mtu kuingia kwenye kompyuta, zima intaneti kwanza, na nywila uzibadilishie kwenye kifaa kingine. Tunza barua na picha za skrini ukaripoti polisi. Sheria ya Kenya ya makosa ya mtandao ya 2018, kifungu cha 30, inautambua utapeli huu kuwa kosa: faini isiyozidi shilingi 300,000, au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Kwa walioko Tanzania, ujumbe wa simu wa kitapeli hupelekwa 15040.

Baada ya kuibiwa, jihadhari na atakayekufuata akidai anaweza kuzirudisha pesa zako kwa ada ndogo ya kuanzia. Huyo ni tapeli wa pili, na huenda jina lako amelipata kwa yule wa kwanza. Usimjibu hata kwa kumtukana, maana jibu lolote linamwambia kuwa namba yako ina mtu.