Mlango Nilikuwa Nimeufunga

Usiku wa kuamkia Jumanne mwizi aliujaribu mlango wangu akashindwa. Asubuhi nilikuta silinda ya kitasa, pale ufunguo unapoingia, imekwaruzwa kwa koleo, na rangi ya mwimo imebanduka chini kidogo ya komeo. Nilipitisha kidole kwenye ile mikwaruzo, machozi yakanitoka. Si ya woga. Miaka 3 iliyopita nilisimama mbele ya mlango huohuo nimeibiwa, na hapakuwa na mkwaruzo hata mmoja.

Siku ile tulirudi kutoka kazini tukakuta mlango umerudishiwa vizuri kabisa. Ndani, kompyuta haipo, fedha hazipo, na pete aliyoniachia marehemu mama haipo. Kaka yangu alifika, akatazama kitasa kizima, akaniambia, "Dada, sema tu ukweli, ulisahau kufunga." Mume wangu alinyamaza, na kule kunyamaza kuliniuma kuliko maneno. Nilikuwa nimefunga. Nilizungusha ufunguo, nikavuta mkono wa mlango kama nifanyavyo kila siku.

Aliyeniamini ni fundi wa vitasa. Alikifungua kile kitasa mezani, akazipanga pini zake ndogo juu ya kitambaa, akanionyesha vidonda kwenye ncha zake. Vitasa vya namna hii, vyenye pini na springi, mvumbuzi Linus Yale Mdogo alivikatia hataza, yaani haki ya uvumbuzi, Marekani miaka ya 1860, na ndivyo vilivyoenea duniani. Mwizi mjuzi akiwa na ufunguo uliochongwa kwa kazi hiyo huuingiza kwenye kitasa, akaugonga tu. Pini huruka kwa nukta moja, silinda ikazunguka. Havunji kitu. Wewe mwenye nyumba unabaki kuitwa mzembe.

Baada ya hapo usingizi ulinikimbia, nikawa nasoma habari za vitasa usiku kucha. Ndipo nikamjua Alfred Charles Hobbs, Mmarekani aliyekwenda London mwaka 1851, akafungua vitasa vilivyosifiwa kuwa havifunguki. Kile cha Joseph Bramah, fundi wa vitasa wa Uingereza, kilimchukua saa 51, kwa siku 16. Hapo nikaelewa: kila kitasa hufunguka. Tunachonunua ni muda, na mwizi aliye mlangoni kwako usiku hana saa 51. Hana hata dakika 10.

Basi ndugu zangu, mnunulieni mwizi ucheleweshaji. Tafuta silinda iliyotengenezwa kuhimili kugongwa na kuvunjwa, na isitokeze nje ya mlango, maana iliyotokeza hushikwa kwa koleo ikakatika katikati. Kisha tazama mwimo. Mimi nilipofungua kile kibati kinachopokea ulimi wa kitasa, zilidondoka skrubu mbili fupi kama ukucha wangu. Nyumba nzima ilikuwa imeshikiliwa na zile mbili! Sasa zipo nne, kila moja sentimita 7.5, zimepita mbao hadi ukutani. Ongeza komeo imara kwa ndani, ila liwe la kufunguka bila ufunguo, kwa sababu moto ukizuka hutakuwa na muda wa kutafuta ufunguo gizani. Kama bawaba zako ziko nje, mwite fundi aziwekee pini zisizochomoka.

Na tafadhali, acheni kuficha ufunguo chini ya zulia la mlangoni au kwenye chungu cha maua. Acheni kupiga picha mmeshika funguo za nyumba mpya mkazirusha mtandaoni. Meno yake yakionekana, mtu anaweza kuchonga wa kwake. Ukihamia nyumba, badilisha silinda siku hiyohiyo. Hujui funguo za zamani ziko mikononi mwa nani. Na ufunge, hata unapotoka kwa dakika mbili. Ufunge kweli, kwa ufunguo, usirudishie tu. Watoto wako wamelala humo ndani, wewe unasubiri nini?

Jumamosi kaka yangu alikuja. Aliinama mbele ya mlango, akaigusa mikwaruzo moja baada ya nyingine, akatikisa komeo, halikucheza. Akaniuliza yule fundi wangu anapatikana siku gani. Nimempa namba. Lile neno jingine, la miaka 3, bado hajalisema, nami bado nalisubiri.