Sanduku la Maswali: Zelda II, mtoto wa kambo

Toleo lililopita tuliitaja kwa mistari michache Zelda II: The Adventure of Link, gemu ya Nintendo iliyotoka Japani mwaka 1987 na kufika Marekani na Ulaya mwaka uliofuata. Tulisema ni gemu nzuri kuliko jina lake baya. Barua zimemiminika, nyingine za kutuunga mkono, nyingine za kutusuta. Tumechagua zenye swali la kujibika.

Wahariri, Zelda ya kwanza naijua mpaka mawe yake. Hii ya pili niliiacha baada ya nusu saa. Mara unaona kutoka juu, mara ubavuni, pointi, roho tatu kama Mario. Hii ni Zelda kweli, au walibandika jina tu? — Msomaji, Tanga

Ni Zelda, ila mafundi walibadilika. Shigeru Miyamoto alibaki mtayarishaji, lakini uongozaji ulikwenda kwa Tadashi Sugiyama na Yasuhisa Yamamura, na muziki ukatungwa na Akito Nakatsuka badala ya Koji Kondo. Ramani unaitembea ukiitazama kutoka juu. Ukigusana na adui, au ukiingia mjini, pangoni au kasrini, picha inageuka na kuwa ya ubavuni.

Wengi hushindwa kwa sababu wanaicheza kama ile ya kwanza: kukimbia, kuchoma, kupita. Hapa upanga wa Link, shujaa unayemchezesha, ni mfupi kama kisu cha jikoni, na ngao yake inalinda sehemu moja tu: juu ukisimama, chini ukichuchumaa. Ni gemu ya kusogea hatua moja na kurudi nusu. Mwenye haraka atazikwa humo.

Na kabla hujamfukuza nyumbani mtoto huyu, angalia alichowaachia ndugu zake. Kipimo cha uchawi kilianzia hapa. Majina ya Rauru, Ruto, Saria, Mido, Nabooru na Darunia unayoyakuta kwa watu wa Ocarina of Time, Zelda ya mwaka 1998, yalikuwa kwanza majina ya miji ya Zelda II. Na muziki wa kasri zake ndio huo uliopangwa upya kwenye uwanja wa Temple katika gemu ya mapigano Super Smash Bros. Melee; kuna watu wanaupiga mluzi kila siku bila kujua umetoka wapi.

Nikimaliza roho zote narudishwa kwenye kasri la kaskazini na pointi zote zinafutwa. Nakusanya, nakufa, nakusanya, nakufa. Nakosea wapi? — Msomaji, Kisumu

Unakaa na pointi mkononi. Kinachofutwa ni pointi ambazo hujazitumia kupanda levo za Uhai, Uchawi au Shambulio. Levo ulizokwisha panda hubaki, na vifaa hubaki. Kwenye toleo la Japani, lililotoka kwa diski, hali ilikuwa mbaya zaidi, maana levo zako tatu zilishushwa zote zikalingana na ile ya chini kuliko nyingine. Pointi ni kama samaki mbichi, hazilazwi.

Bei zenyewe, kwenye kaseti ya Marekani, ni hizi. Uhai, ambao hupunguza maumivu ya kila pigo: 50, 150, 400, 800, 1,500, 2,500, 4,000. Uchawi, ambao hupunguza gharama ya kila tendo la kichawi: 100, 300, 700, 1,200, 2,200, 3,500, 6,000. Shambulio: 200, 500, 1,000, 2,000, 3,000, 5,000, 8,000. Kila kimoja kinaanzia levo ya 1 na kuishia ya 8.

Ukifikisha pointi 50 kisanduku kinafunguka kukuuliza kama unataka kupanda Uhai. Wengi hukubali kwa pupa. Ghairi. Kikomo kitasogea hadi 100 ya Uchawi. Ghairi tena, kitasogea hadi 200 ya Shambulio. Chukua hiyo. Adui aliyekuwa akila mapigo mengi sasa anakula machache, na kila pigo unaloliokoa ni nafasi moja ambayo hakukugusa. Sisi tunapandisha Shambulio hadi levo ya 3 au ya 4 kwanza, ndipo tunarudi kulipia Uhai. Uchawi unaweza kusubiri kidogo.

Halafu fuwele. Kila kasri kati ya sita za mwanzo lina sanamu mwisho wake, na ukiweka fuwele pale unajazwa pointi mpaka kwenye kikomo kinachofuata. Unajazwa pengo tu. Ukiwa na 470 na kikomo ni 500, umezawadiwa pointi 30 kwa kumuua bosi mzima! Afadhali utafute hizo 30 nje, upande levo, kisha urudi kuweka fuwele ilipe kikomo kipya chote. Kwa sababu hiyo hiyo usiache levo za bei rahisi zikining'inia: ukiwa na Uhai levo ya 1 fuwele inaweza kuishia kukulipia 50, na kasri likishamalizika linageuka jiwe. Hakuna kurudi.

Mambo mawili mengine ambayo gemu haikuambii. Kwenye ramani, vivuli vya maadui vikikufukuza, kimbilia barabarani. Ukiguswa ukiwa umesimama juu ya njia, uwanja unaofunguka hauna adui hata mmoja. Unatembea tu hadi ukingoni na kutoka. La pili, gemu inahesabu maadui unaowaua, wadogo peke yao na wakubwa peke yao. Wa sita katika kila kundi anadondosha kitu: mdogo hutoa chupa ya bluu ya uchawi au mfuko wa pointi 50, mkubwa chupa nyekundu au mfuko wa 200. Kwa hiyo hesabu kimoyomoyo, na usimuue wa sita akiwa juu ya shimo.

Yule askari wa chuma mwenye ngao ndani ya kasri la kwanza. Nisaidieni jamani. — Msomaji, Mombasa

Anaitwa Iron Knuckle, na ndiye mwalimu wa gemu nzima. Yupo wa rangi ya chungwa, wa nyekundu, na wa bluu ambaye hurusha visu.

Ngao yake inafuata mkono wako. Ukichoma umesimama anaiinua, ukichuchumaa anaishusha. Ukibonyeza B, kitufe cha upanga, mfululizo mahali pamoja utasikia chuma kikigonga chuma mpaka uchoke, kisha yeye atakuchoma mara moja tu. Fanya hivi: kaa umbali wa kama hatua mbili, mngoje asogee, ruka kumwelekea, na ubonyeze B wakati Link anaanza kushuka, upanga ukiwa usawa wa kofia ya askari. Ukibonyeza wakati unapanda, upanga unapita juu ya kichwa. Ukichelewa, unatua kifuani kwake. Ukipata, yeye anarudi nyuma. Na wewe rudi, usimfuate. Rudia. Ukishazoea mdundo wake utamaliza watatu bila kuguswa.

Yule wa bluu ongeza jambo moja: visu vyake huja kwa kimo cha juu au cha chini, kwa hiyo simama au chuchumaa kulingana na kisu, na ushambulie katikati ya kurusha. Wale wenye vichwa vya mamba wa njia ya Death Mountain, Daira, ni habari nyingine. Mashoka yao hayajali ngao ya kawaida. Ruka shoka, usilisubiri.

Usisahau kujifunza mapigo mawili ya ziada. Katika mji wa Mido tumia uchawi wa kuruka, ingia mlango wa juu kwenye mnara wa kanisa. Mpiga upanga wa humo anakufundisha kuchoma chini ukiwa hewani. Darunia, ingia nyumba moja kupitia bomba la moshi, utafundishwa kuchoma juu. Asiye na pigo la chini anacheza nusu ya gemu.

Kuna jamaa kwenye mji wa Ruto anasema "I AM ERROR". Kaseti yangu ni mbovu? — Msomaji, Dodoma

Kaseti nzima. Hilo ni jina lake. Mahali pengine, msituni kaskazini mwa Saria, anaishi mtu aitwaye Bagu, na hilo ni matamshi ya Kijapani ya neno la watengeneza programu kwa hitilafu. Ni kama watu wawili waitwe Kosa na Hitilafu, halafu mtafsiri amtafsiri mmoja na kumsahau mwenzake. Utani umekufa, watu wakabaki wanadhani mashine imeharibika.

Lakini usiwapite. Bagu anakupa barua ya kuvukia daraja la Saria. Bila hiyo mlinzi hakupitishi. Na Error hasemi zaidi mpaka mtu wa Mido akuelekeze umuulize. Ndipo anakuambia kwamba kusini mwa kaburi la mfalme kuna njia ya chini ya ardhi. Hiyo ndiyo inayokufikisha kwenye kasri la kisiwani.

Nimepata kaseti ya dhahabu ya Marekani. Inacheza vizuri, ila haihifadhi. Na haiingii kwenye mashine yangu ya zamani ya gemu za TV. — Msomaji, Arusha

Tuanze na la mwisho. Mashine nyingi za gemu za TV zilizozagaa Afrika Mashariki ni nakala za Famicom, mashine ya Nintendo ya Japani, na kaseti zake zina pini 60. Kaseti ya NES, mashine hiyo hiyo kwa umbo la Marekani na Ulaya, ina pini 72. Unahitaji kigeuzi cha 72 kwenda 60. Usilazimishe.

Kutohifadhi ni betri. Ndani mna betri ya kidonge, CR2032 ya volti 3, na kama ni ile ile ya kiwandani imeshafanya kazi kupita umri wake. Kaseti hufunguliwa kwa bisibisi maalumu ya milimita 3.8. Pima betri kwa mita. Ikiwa chini ya volti 2.5 hivi usiitegemee tena. Ibadilishe hivi:

Piga picha ya bodi kwanza, uone upande wa chanya na hasi. Nunua CR2032 yenye miguu iliyochomelewa tayari. Usiunganishe waya wa risasi moja kwa moja kwenye betri tupu, maana joto linaiua na linaweza kuipasua. Pasha kila mguu wa betri kuukuu kwa pasi ya kulehemu yenye nyuzi 350 hivi, nyonya risasi kwa utambi wa shaba, na mguu utoke wenyewe. Hapa ndipo mafundi wa haraka huharibu: wakiuvuta kabla risasi haijayeyuka, ule mstari mwembamba wa shaba juu ya bodi unabanduka nao. Weka mpya, hakikisha chanya iko kwenye chanya, lehemu sekunde mbili tatu kila mguu. Hifadhi zilizokuwamo zitapotea; hilo halikwepeki.

Ukiwa umefungua, safisha pini kwa pamba yenye spiriti ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi. Kupuliza kwa mdomo acha. Mate yana chumvi na maji, na shaba haipendi vyote viwili.

Baada ya hapo, zima kwa utaratibu: shikilia Reset, ndipo uzime umeme. Mashine ikikatika ghafla, umeme unaoyumba huandika takataka kwenye kumbukumbu, na watu husingizia betri mpya. Kama hutaki kufa ndipo uhifadhi, simamisha gemu kwa Start, chukua padi ya pili, bonyeza Juu na A kwa pamoja. Ukurasa wa kuhifadhi utatokea. Pointi ambazo hujazitumia zitakwenda, kwa hiyo panda levo kwanza.

Sina mashine ya zamani. Naipata wapi? — Msomaji, Muscat

Imo kwenye maktaba ya NES ya Nintendo Switch Online, imo kwenye NES Classic Edition ya mwaka 2016, na kwenye Game & Watch ya Zelda ya mwaka 2021. Kwenye Switch unaweza kusitisha na kuhifadhi popote. Tumia hilo nje ya kasri upendavyo, ila ukihifadhi katikati ya kila pigo hutajifunza mdundo wa askari hata siku moja.

Nimefika Great Palace, kasri la mwisho. Nahitaji nini kabla ya kuingia? — Msomaji, Lubumbashi

Uchawi wa radi, kutoka Kasuto ya zamani, hauna mbadala. Bosi Thunderbird hadhuriki mpaka umpige radi. Hakikisha umeshapitia Kasuto mpya, ile iliyofichwa msituni ambayo haionekani mpaka ukate miti kwa nyundo. Humo tumia uchawi ulioandikwa SPELL mwisho kabisa wa mji. Nyumba itainuka kutoka ardhini na ndani yake mna ufunguo wa milango yote. Levo zote tatu ziwe 8 kama una subira. Wanasesere wa roho ya ziada, ambao hawarudi tena wakishachukuliwa, waache mahali pao mpaka siku ya safari hii.

Habari njema: ukifia ndani ya Great Palace unaanzia mlangoni pake, si kasri la kaskazini. Kwa hiyo mizunguko miwili ya mwanzo itumie kuchora njia. Ukifika kwa Thunderbird tumia uchawi wa ngao, wa kuruka na wa radi kwa mfuatano huo, kisha mchome usoni. Kwingine ni kupoteza muda. Bana uchawi njiani, maana radi hula sehemu kubwa ya kipimo.

Baada yake kivuli cha Link mwenyewe kinatoka, kinajua kila pigo unalolijua. Mapambano ya haki ni magumu na mazuri sana. Kuna na njia nyingine: nenda pembe ya kushoto, chuchumaa, bonyeza B bila kukoma, naye atajileta kwenye upanga. Ukiona aibu, simama.