Maswali Yenu: Mama Mdogo Asiyemo Kwenye Fomu

SWALI: Mhariri, salaam. Mimi ni mwanafunzi wa uzamivu kutoka Afrika Mashariki, na kwa mwaka wa pili sasa naongoza semina za mwaka wa kwanza katika chuo kikuu kimoja cha jimbo la Saskatchewan nchini Kanada. Darasani mwangu wamo wanafunzi wanne wa Mataifa ya Kwanza, yaani wa jamii za asili za nchi hiyo, na mmoja wao, kijana Mcree (wa taifa la Cree) aliyetoka kaskazini mwa jimbo, alikuwa hodari wa hoja tangu wiki ya kwanza. Mwishoni mwa Oktoba alitoweka siku tisa, akakosa mtihani wa katikati ya muhula, kisha akarudi na kuketi kiti cha karibu na mlango bila kuvua koti. Aliniambia kwamba alikuwa msibani kwa shangazi yake. Kanuni zetu zinatoa siku tatu kwa kifo cha mzazi, mwenza, mtoto au ndugu wa tumbo moja, shangazi hayumo. Je, nimpe mtihani mwingine? Na nifanye nini asije akaacha chuo kabla ya muhula kwisha?

JIBU: Mtihani mpe, na tarehe mpange pamoja, kwa sababu ukimwachia yeye aje kukuomba kwa mara ya pili, huenda asije kabisa.

Neno lililonisimamisha katika barua yako ni hilo la “shangazi”. Bila shaka kijana alizungumza nawe kwa Kiingereza, lugha yenye neno moja tu kwa dada wa baba na dada wa mama, nawe ukalitafsiri hivyo hivyo. Mwulize vizuri. Katika Kicree, nikâwiy ni mama yangu, na nikâwîs ni dada wa mama. Neno la pili ni la kwanza lililowekwa katika umbo la udogo, yaani, mama mdogo. Wewe uliyekua ukimwita mtu mama mdogo, na pengine ukalelewa naye, unaielewa fomu ya chuo chako ilivyo na upungufu kuliko aliyeiandika.

Niliwahi kukaa kwenye dawati la ushauri wa wanafunzi katika chuo kimoja cha nchi hiyo hiyo. Binti mmoja alijaza mbele yangu fomu ya ruhusa ya msiba, na alipofika kwenye kisanduku cha “uhusiano na marehemu” akaandika “mama” kwa penseli, akafuta, akaandika “shangazi”, akafuta tena mpaka karatasi ikatoboka. Mwishowe alibaki na “mama”. Mwezi uliofuata mama yake mzazi alipiga simu kuulizia ada, na ofisi ikahitimisha kwamba binti alikuwa amedanganya. Hakuna aliyemwita kumsikiliza. Barua ya onyo ndiyo iliyomfikia. Hadi leo najilaumu kwamba siku ile sikuandika maelezo mafupi pembeni ya kile kisanduku, kazi ambayo ingenichukua dakika mbili.

Kuhusu siku tisa, zihesabu pamoja naye kabla ya kuzishangaa. Viko vijiji vya kaskazini, hasa kuzunguka Ziwa Athabasca, ambavyo hufikiwa kwa ndege ndogo, na barabara huwapo tu ziwa linapoganda. Hali ya hewa ikichafuka, ndege hairuki. Msiba wenyewe una mikesha na kazi zake, na kijana mwenye nguvu hawezi kukaa tu akitazama wenzake wakifanya kazi. Kwa hiyo, aliyerudi baada ya siku tisa akiwa na daftari lake mkononi ametoa ushahidi wa kutosha kwamba anataka kusoma.

Koti lisilovuliwa na kiti cha karibu na mlango vina historia nyuma yake. Sheria ya Kanada ya mwaka 1876 iitwayo Sheria ya Wahindi (Indian Act) iliweka kwamba “Mhindi”, kama sheria hiyo ilivyomwita Mwenyeji wa Kanada wala si mtu wa India, akipata shahada ya chuo kikuu, anapoteza hadhi yake ya kisheria kama mtu wa jamii yake. Elimu ya juu ilikuwa mlango wa kutoka kwenu usirudi. Kisha zipo shule za bweni za serikali na makanisa, ambako zaidi ya watoto 150,000 wa Wenyeji walipitishwa mbali na familia zao, wengi wao wakiadhibiwa kwa kusema lugha ya nyumbani. Ya mwisho katika jimbo hilo lako ilifungwa mwaka 1996, kwa hiyo inawezekana kabisa kwamba mama, mjomba au bibi wa mwanafunzi wako alisoma huko. Simwambii mtu achimbue habari hizo kwa kijana wa miaka kumi na minane. Nasema tu kwamba tangazo la “mlango wangu uko wazi” halimtoshi. Mwandikie wewe kwanza, kwa jina lake, barua fupi yenye saa na mahali, na umweleze kwamba umekwisha kumpangia mtihani.

Mara nyingi vyuo vya huko vina wazee wa jamii za asili waliopewa nafasi rasmi ya kukaa na wanafunzi. Mwelekeze kwao, lakini usimpeleke kama mgonjwa. Na ukitaka wewe mwenyewe ushauri wa mzee, uliza kwanza utaratibu, maana kwa watu wengi wa jamii za asili za huko ombi la namna hiyo huambatana na tumbaku inayotolewa kwa heshima. Na semina inapogusa habari za Wenyeji, usimgeukie yeye kana kwamba ni balozi. Alikuja kusoma kama wengine.

SWALI: Wanafunzi wenzangu husema kwamba watu wa jamii za asili wa Kanada wanasomeshwa bure na serikali. Je, ni kweli?

JIBU: Si kweli. Upo mpango wa serikali kuu kwa ajili ya Mataifa ya Kwanza, lakini kwa kawaida fedha hupitia halmashauri za jamii zenyewe, nazo hulazimika kuchagua nani aende mwaka huu na nani asubiri. Kuanzia mwaka 1996, kwa miaka mingi, ongezeko la fedha hizo lilifungwa kwenye asilimia 2 kwa mwaka ilhali ada na idadi ya vijana vilipanda. Tume ya Ukweli na Maridhiano, iliyochunguza zile shule za bweni, katika miito yake 94 ya mwaka 2015, ilitumia mwito wa 11 kuitaka serikali ilipe vya kutosha ili foleni hiyo iishe. Métis, yaani watu wa asili ya Wenyeji na Wazungu, na wasio na hadhi ya kisheria hawamo katika mpango huo. Mwenye mashaka na amuulize mwenzake ananunuaje vitabu mwezi wa Septemba fedha za kujikimu zinapochelewa.

SWALI: Ninayeishi naye chumba kimoja bwenini, mwanafunzi wa jamii za asili za Kanada, hufukiza majani makavu kila Jumapili, nami naogopa king'ora cha moshi. Nimshitaki?

JIBU: Hapana. Majani hayo huwa ni seji, mierezi au nyasi tamu, yakiunguzwa kidogo ndani ya kombe au bakuli, na ni ibada. Hadi mwaka 1951 sheria ya Kanada ilikuwa imepiga marufuku sherehe kadhaa za Wenyeji kwa zaidi ya miaka 60, kwa hiyo malalamiko yako yangeangukia jeraha la zamani. Vyuo vingi sasa vina utaratibu wa maandishi: msimamizi anaarifiwa mapema na kifaa cha moshi kinashughulikiwa. Kama kifua chako hakistahimili moshi, mwambie yeye mwenyewe bila kuzunguka. Kisha nendeni kwa msimamizi kabla ya Jumapili, mkiwa wawili.