Kidole tumbo hakianzii upande wa kulia

Hapa kwetu mtu akishika tumbo, majina ya ugonjwa huwa yameshamsubiri: vidonda vya tumbo, UTI, taifodi, na kama ni mwanamke, chango. Kidole tumbo hakitajwi. Hutajwa siku ya tatu, homa imeshapanda na mgonjwa hawezi hata kujigeuza kitandani. Mimi nilipasuliwa kidole tumbo nikiwa mwalimu mgeni Morogoro, na tangu hapo ndugu na majirani hunipigia simu kila tumbo linapomsumbua mtu nyumbani kwao. Nimegundua jambo moja katika simu hizo. Karibu wote wanajua kwamba kidole tumbo huuma chini upande wa kulia. Wachache sana wanajua kwamba mara nyingi hakianzii huko, na kwa kutojua hilo wanapoteza usiku mzima wakisema, "Lakini inauma katikati, haiwezi kuwa kidole tumbo."

Huanzia katikati. Kwangu yalianza jioni kuzunguka kitovu, maumivu mazito yasiyo na makali, ya kuja na kupungua, na hisia kwamba nikienda chooni yatakwisha. Nilienda, hayakwisha. Chakula kilipoandaliwa sikukitaka kabisa, na mimi si mtu wa kuacha chakula. Usiku nikatapika. Kulipokucha maumivu yalikuwa yamehama: kitovu kimetulia, na sasa ningeweza kuweka kidole kimoja juu ya mahali panapouma, chini kulia, katikati ya kitovu na mfupa wa nyonga lakini karibu zaidi na nyonga. Hayakuja na kwenda tena. Yalikaa.

Kuhama huko kuna sababu yake, na ukiielewa hutaisahau. Kidole tumbo ni kijibomba kilichozibwa mwisho, mara nyingi cha sentimita 6 hadi 10, kinachoning'inia pale utumbo mpana unapoanzia. Mdomo wake ukizibwa na kipande cha kinyesi kilichokauka, au tezi ndogo zilizo kwenye ukuta wake zikivimba, au hata minyoo ikijikusanya humo, bakteria huzaliana ndani na kijibomba kuvimba. Mishipa ya fahamu ya utumbo wenyewe haiwezi kuonyesha mahali hasa. Inatoa taarifa ya jumla tu, na taarifa hiyo husikika kwenye kitovu. Baada ya saa kadhaa uvimbe hufikia utando unaofunika ukuta wa tumbo kwa ndani, na utando huo una mishipa inayojua mahali pake barabara. Hapo ndipo maumivu yanapoonekana kuhamia kulia. Kwa watu wengi safari hiyo humalizika ndani ya siku moja.

Kwa hiyo ninapopigiwa simu, siulizi kwanza "panauma wapi?" Nauliza nini kilitangulia. Mpangilio wa kawaida ni huu: maumivu kwanza, kisha hamu ya kula inakufa, kisha kichefuchefu au kutapika, kisha upande wa kulia unakuwa hauguswi, na homa inafuata, mara nyingi si kubwa, 37.5 hadi 38.5. Mtu aliyeanza kutapika na kuharisha tangu asubuhi, tumbo likaja kuuma mchana, huenda ana sumu ya chakula au maambukizi ya utumbo. Aliyeanza na maumivu na ndipo akatapika, huyo namwambia atafute hospitali. Na mgonjwa anayeniambia ana njaa na anadai chapati hunipunguzia wasiwasi, ingawa simwambii alale.

Zahanati niliyoanzia walipima mkojo, wakaona chembechembe chache za usaha, wakaandika UTI na kunipa vidonge. Daktari niliyemwona baadaye hospitalini alinieleza kitu ambacho nimekirudia kwa watu wengi: kidole tumbo kilichovimba kikilala karibu na kibofu au mrija wa mkojo, chembechembe hizo zinaweza kuonekana kwenye mkojo ingawa mkojo wenyewe hauna ugonjwa. Kipimo cha taifodi cha damu nacho, kile cha haraka, kinaweza kusema "ipo" kwa mtu aliyewahi kuugua zamani au mwenye ugonjwa mwingine kabisa. Na kwenye maeneo yetu mtu anaweza kuwa na vimelea vya malaria na kidole tumbo kwa wakati mmoja. Jibu la kipimo kimoja lisikuzuie kusema, "Daktari, maumivu yalianza kwenye kitovu saa mbili usiku, yakahamia hapa alfajiri."

Sema hivyohivyo, kwa saa. Andika kwenye simu kama unaogopa kusahau. Watu wengi wakifika mbele ya daktari husema "tumbo linauma sana", wakanyamaza, na daktari mwenye foleni ndefu nje anabaki na vipimo tu vya kumwongoza. Mpangilio wa maumivu yako hakuna maabara inayoweza kuupima. Unao wewe peke yako.

Swali lililonishangaza siku ile lilikuwa la barabara. Daktari aliniuliza nilikujaje, nikasema kwa bajaji. "Kwenye matuta ulisikiaje?" Nilikuwa nimemwomba dereva apunguze mwendo kwenye kila tuta, kwa sababu kila mtikisiko ulinichoma palepale kulia. Utando wa tumbo ukishawaka, hautaki kutikiswa. Ndiyo maana mgonjwa wa kidole tumbo hutembea ameinama na hulala ametulia akiwa amekunja magoti, tofauti na mwenye mawe kwenye figo ambaye hagandi mahali, anajigeuzageuza na kuzunguka chumbani. Nyumbani unaweza kumwambia mgonjwa akohoe, au asimame kwa ncha za vidole vya miguu kisha ajiachie atue kwa visigino. Akishika upande wa kulia kwa maumivu, mpeleke. Asiposhika, bado hujamaliza kazi, kwa sababu si kila mgonjwa huonyesha dalili hiyo. Ile ya kubonyeza tumbo kwa nguvu na kuachia ghafla waachieni madaktari. Haina haja kila jirani aijaribu.

Wapo ambao mpangilio huu hauwahusu, na hao ndio wanaoniogopesha. Mtoto wa chini ya miaka mitano hawezi kusimulia safari ya maumivu. Utaona analia, hataki kula, hataki kubebwa wala kucheza, na kwa watoto wa umri huo kidole tumbo mara nyingi hugunduliwa kikiwa kimeshapasuka. Mzee anaweza kuwa na maumivu madogo na homa isiyoonekana huku ndani hali ni mbaya. Mjamzito, kizazi kinapokua husukuma viungo, na maumivu yake yanaweza kuwa juu zaidi ya pale tulipozoea. Tena kuna watu ambao kidole tumbo chao kimelala nyuma ya utumbo, wakasikia mgongo au ubavu, na wengine kimeshuka nyongani, wakawa wanakojoa mara kwa mara au kuharisha kidogokidogo. Kwa wote hawa, tumbo linalozidi kuuma kwa saa sita mfululizo bila kuachia linatosha kuwapeleka hospitali.

Wanawake, mkiombwa kupima ujauzito kubalini, hata kama mmesindikizwa na mama mkwe au baba mzazi. Mimba iliyotunga nje ya kizazi inaweza kuuma mahali palepale na inaweza kuua kwa saa chache kwa kuvuja damu ndani. Ombeni faragha mpime. Na wazazi wa wavulana, kijana akilalamika tumbo la chini, muulizeni pia kuhusu korodani. Wengi huona aibu na kusema "tumbo". Korodani iliyojisokota inahitaji kufunguliwa ndani ya saa sita hivi ili isife.

Kuna jambo moja ambalo ningependa kila nyumba ilijue. Maumivu makali yakikoma ghafla bila matibabu yoyote, usishangilie. Kijibomba kinapopasuka, ile presha ya ndani hutoka na mgonjwa hupata nafuu ya muda. Baadaye usaha huenea, tumbo zima linaanza kuuma na kuwa gumu kama ubao, homa hupanda, mapigo ya moyo huenda mbio. Hali hiyo hutokea mara nyingi siku ya pili au ya tatu tangu maumivu yaanze. Harry Houdini, yule mwanamazingaombwe maarufu, alipanda jukwaani Detroit mwezi Oktoba 1926 akiwa na homa kali na kidole tumbo kilichougua. Alipasuliwa akiwa amechelewa, akafariki tarehe 31 mwezi huohuo, na wakati ule antibiotiki hazikuwapo. Sisi tunazo, lakini aliyepasuka ndani bado hulazwa muda mrefu zaidi na hupata kovu kubwa zaidi.

Mambo ya kutofanya nyumbani yanajulikana kidogo sana kuliko inavyopaswa. Usinywe haluli wala dawa yoyote ya kuharisha "kusafisha tumbo". Usipigwe bomba la maji kwa njia ya haja kubwa. Usikandwe kwa mafuta, hata kama anayekanda ni bibi unayemheshimu. Mwambie kwa adabu kwamba tumbo hili linasubiri daktari. Usile, kwa sababu ukihitaji upasuaji, daktari wa usingizi atataka tumbo tupu kwa saa kadhaa. Dawa za maumivu zenyewe si adui, na hospitalini utapewa. Shida ni kumeza diklofenaki ya duka la dawa, ukapata usingizi, ukaahirisha safari hadi kesho. Kama umeshameza, mtajie daktari jina la dawa na saa uliyomeza.

Mchanga kwenye wali, mbegu za mapera, kukimbia baada ya kushiba: nimeyasikia yote yakilaumiwa. Mbegu ni nadra sana kukutwa ndani ya kidole tumbo kilichougua. Waacheni watoto wale mapera.

Ukiondoka nyumbani, lenga mahali penye chumba cha upasuaji. Vituo vya afya vingi vya serikali siku hizi vinavyo kwa ajili ya akina mama wajawazito, lakini uliza kama wanafanya na upasuaji wa tumbo, usije ukapoteza saa nne ukisubiri rufaa. Beba kadi ya bima kama unayo, na uende na mtu mzima anayeweza kusaini na kukimbilia dawa. Huenda ukapimwa wingi wa damu kuona kama chembe nyeupe zimepanda na ukapigwa altrasaundi. Altrasaundi ikisema "hakikuonekana" haimaanishi hakina ugonjwa, kwa sababu gesi ya utumbo hukificha. Kuhusu kutibiwa kwa antibiotiki peke yake, ni kweli inawezekana kwa baadhi ya wagonjwa. Utafiti mkubwa wa Marekani uliotolewa 2020 ulionyesha karibu watu 3 kati ya 10 waliotibiwa hivyo walihitaji upasuaji ndani ya siku 90. Uamuzi huo ni wa daktari aliyekupima na anayeweza kukurudisha wodini, haununuliwi dirishani kwenye duka la dawa.

Baada ya upasuaji wauguzi watakuuliza mara kwa mara kama umetoa hewa. Jibu bila aibu, maana hiyo ndiyo habari kwamba utumbo umeamka. Amka utembee mapema hata kama kidonda kinavuta, ukikohoa shikilia tumbo kwa mto, na ndoo za maji zibebwe na wengine kwa wiki kadhaa. Ukisharudi nyumbani, homa ikianza upya, kidonda kikatoa usaha, au tumbo likajaa na ukashindwa kula, rudi kwenye hospitali ileile iliyokupasua, siku hiyohiyo, ukiwa na cheti chako cha kuruhusiwa mkononi.