Maswali na majibu: Valvu, spika bapa na hesabu msizopenda kupiga

Barua za mwezi huu karibu zote ni za valvu (zile taa za kioo zinazokuza sauti ndani ya amplifaya za mtindo wa zamani) na spika bapa (zinazotoa sauti kwa utando mwembamba badala ya koni). Zile za "nina spika bapa, nipe amplifaya nzuri" nimezitupa. Spika gani? Chumba cha ukubwa gani? Mimi si mpiga ramli.

Shikamoo mzee. Nimepata amplifaya ya valvu aina ya 300B, wati 8 kila upande, na sasa natafuta spika bapa za Magnepan LRS. Vitakubaliana? – Msomaji, Tanga

Marahaba. Havitakubaliana.

Magnepan, wa White Bear Lake kule Minnesota, wanaandika kwamba spika hiyo hutoa desibeli 86 kwa volti 2.83. Watu wakiona 86 wanashusha pumzi. Lakini LRS ni ya omu 4 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme), na volti 2.83 kwenye omu 4 ni wati 2, si wati 1. Ukweli, basi, ni desibeli 83 kwa wati moja. Kila ukizidisha wati mara mbili unapata desibeli 3 tu: wati 2 ni 86, wati 4 ni 89, wati 8 ni 92, na hapo 300B yako imefika ukingoni. Hiyo 92 nayo hupimwa mita moja kutoka kwenye spika, wakati kochi lako liko mita tatu. Ngoma na tarumbeta za dansi huruka desibeli 10 hadi 15 juu ya kiwango cha wimbo wenyewe, kwa hiyo itakubidi usikilize kwa sauti ya redio ya mlinzi, la sivyo kila pigo litakatwa kichwa.

Msije mkanisingizia kwamba nimesema valvu na Magnepan haviivi. Jim Winey, mwanzilishi wa Magnepan, alipoanza mwaka 1969, spika zake za mwanzo ziliuzwa na Audio Research, watengenezaji wa amplifaya za valvu wa jimbo hilohilo. Mzigo wa Magnepan ni mtulivu, unakaa karibu na omu 4 kutoka besi hadi juu, na valvu hupenda utulivu huo. Kinachotakiwa ni nguvu. Tafuta ya pushi-puli (valvu mbilimbili zinazopokezana kazi), wati 60 na kuendelea, na kabla ya kutoa pesa iinue. Kama unaibeba kwa mkono mmoja, iache hapohapo dukani. Valvu ni za kununua na kubadilisha. Transfoma ya kutolea sauti, inayotoa sauti kwenye valvu na kuipeleka kwenye spika, ndiyo amplifaya yenyewe, na ndipo watengenezaji wa bei poa wanapobania.

Nyuma ya amplifaya, spika nizichomeke soketi ya omu 4 au ya omu 8? – Wengi mno

Anza na 4, jaribu 8, baki na inayokupendeza. Zima kwanza. Swali hili nimelijibu mpaka nimechoka.

Mjomba wangu Uingereza ananipa jozi ya spika bapa za Quad za umemetuli (utando wake husukumwa na chaji za umeme), zile za zamani kabisa. Fundi wangu anasema zinahitaji wati 200. – Msomaji, Mombasa

Pokea upesi kabla mjomba hajabadili mawazo, na fundi huyo asizisogelee.

Quad hizo zilianza kuuzwa mwaka 1957. Peter Walker wa Huntingdon alizibuni wakati amplifaya yake ilikuwa Quad II ya 1953: valvu mbili za KT66, wati 15, basi. Zilizaliwa nyumba moja. Karatasi inasema omu 15, lakini spika ya umemetuli kwa umbile lake ni kapasita (kitu cha kuhifadhi chaji ya umeme), na masafa yakipanda omu zinashuka. Kwenye besi hizi zinapita omu 30, na juu kabisa zinabaki kama 2. Amplifaya nyingi za kisasa zenye sifa kubwa huyumba mbele ya mzigo huo, ilhali Quad II haina habari.

Wati 200 ni za nini? Spika hizo hazitakiwi kuvuka volti 33 kwenye kilele. Ukizidisha, cheche inapiga ndani na kutoboa utando, kisha unaniandikia kuuliza mbona sauti inakaanga. Valvu za wati 15 hadi 30 zinatosha. Hutapigia harusi, lakini sauti ya mwimbaji utaisikia kama yupo chumbani.

Hukuniuliza habari ya bahari, ila nakwambia. Paneli za besi hukaa kwenye volti 6,000 hivi muda wote zikiwa zimechomekwa. Vumbi likichanganyika na unyevu wa chumvi wa Mombasa, umeme unavuja na sauti inafifia upande mmoja. Ziweke chumba chenye kiyoyozi, mbali na dirisha. Na kabla hazijasafirishwa, mjomba azipeleke kwa fundi wa huko anayezijua, kwa sababu akizichokonoa asiyezijua, utazika mtu.

Nimefunga amplifaya ya valvu kwenye spika za umemetuli za MartinLogan. Fidla na kanuni za taarab hazing'ari tena. Valvu zimechoka? – Msomaji, Nairobi

Hazijachoka. Usinunue kitu bado.

Piga hesabu. Tuseme amplifaya yako ina omu 2 zake za ndani, jambo la kawaida kwa valvu zisizo na mrejesho mwingi (mrejesho ni kurudisha sehemu ya sauti inayotoka hadi mwanzo ili amplifaya ijirekebishe). Spika ikiwa na omu 6 kwenye sauti za kati, inapata robo tatu ya volti. Huko juu, karibu na mizunguko 20,000 kwa sekunde, baadhi ya MartinLogan hushuka hadi omu 1 hivi, na hapo spika inabaki na theluthi moja tu. Tofauti ni desibeli 7, na ndiko mng'ao wa fidla ulikokwenda. Hamia soketi ya omu 4: omu za ndani zitapungua kama nusu, na hasara itashuka chini ya desibeli 5. Isipotosha, uza amplifaya, tafuta yenye mrejesho wa kutosha. Kuna wanaohubiri kwamba mrejesho ni dhambi. Hao waulize wanasikilizia spika gani.

Valvu za zamani za Telefunken zitaongeza besi kwenye spika bapa? – Msomaji, Arusha

Hapana. Na nembo nyingi mnazoziona mtandaoni zimechapwa juzi.

Nimeona amplifaya ya Marekani ya volti 120 kwa bei ya kutupa. Nikiweka transfoma ya kushusha umeme itafaa? – Msomaji, Maskati

Transfoma inashusha volti, haibadilishi mizunguko ya umeme kwa sekunde. Marekani ni 60, Oman ni 50 kama kwetu. Transfoma ya ndani iliyopigiwa hesabu ya 60 tu itapata joto na kunguruma, nawe una valvu zinazotoa joto tayari. Soma bamba la nyuma: limeandikwa 50/60, nunua. Limeandikwa 60 peke yake, mwachie Mmarekani.

Mume wangu ameziweka spika zake mbele ya sebule, mbali na ukuta, watoto wanazigonga. Ni lazima? – Mama wawili, Kisumu

Ni lazima, dada yangu. Spika bapa hutoa sauti mbele na nyuma, na ukizibana ukutani ile ya nyuma inarudi na kuvuruga ya mbele. Mita moja kutoka ukutani ni haki yake. Akimaliza kusikiliza azirudishe mwenyewe, haziumwi. Ila mwambie aweke wavu juu ya valvu, maana zinaunguza vidole vya mtoto.

Naweza kuiwasha amplifaya nione kama valvu zinawaka wakati spika bado ziko bandarini? – Msomaji, Dar es Salaam

Usiiwashe. Valvu zikipata sauti bila mzigo, volti hupanda ndani ya transfoma ya kutolea sauti na kuitoboa. Na usiifungue kuchungulia: kapasita hubaki na volti 400 na zaidi hata baada ya kuchomoa waya ukutani. Subiri meli.