Kwa mnaoanza staji ya macho Bukavu: seli za kinga kwenye retina inayokufa kwa urithi

Mgonjwa wa retinitisi pigmentosa (ugonjwa wa kurithi unaoua polepole seli za retina zinazopokea mwanga) akikaa mbele ya taa ya mwanya, mara nyingi utaona vidoa vidogo vikielea kwenye vitreo, ule ute unaojaza jicho, nyuma tu ya lenzi. Mwanafunzi mpya akiviona huandika "uveitisi" (uvimbe wa ndani ya jicho) kwenye fishi, na mgonjwa anarudi nyumbani na kotizoni, dawa ya kutuliza uvimbe. Vidoa vile havikuwa ndoto: baadhi ni chembe za rangi, baadhi ni seli za kinga kabisa. Kosa ni kuzipa seli hizo lawama ya ugonjwa wote kabla ya kuuliza zimefika lini.

Anzia kwenye retina nzima. Ina seli za kinga zinazoishi humo tangu mtoto akiwa tumboni, zinaitwa mikroglia. Pío del Río-Hortega wa Hispania ndiye aliyezieleza kwenye ubongo mwaka 1919. Ndani ya retina zinakaa hasa kwenye matabaka mawili ambamo neva huunganika, la ndani na la nje, zikiwa na matawi membamba yanayopapasa huku na huku muda wote. Tabaka la nje la viini, palipo na viini vya rodi na koni (seli zinazopokea mwanga), kwa kawaida halina mikroglia. Shika hilo vizuri. Ukizikuta pale, au chini ya retina karibu na epithelia ya rangi (tabaka la seli zenye rangi linaloitunza retina), tayari kuna kinachoendelea.

Katika retinitisi pigmentosa kosa la jeni mara nyingi limo ndani ya rodi yenyewe: RHO, PDE6B, USH2A, RPGR na nyingine, jeni zinazojulikana zimepita 80. Rodi inalemewa, inatoa nje ATP, molekuli ya nishati, na inageuza utando wake hadi fosfatidilserini, mafuta yanayokaa upande wa ndani, ionekane nje. Kwa mikroglia hiyo ni ishara ya kula. Zinakunja matawi, zinakuwa za mviringo, zinahama na kuanza kumeza, huku zikimwaga TNF na IL-1β, kemikali za uvimbe. Kazi iliyochapishwa mwaka 2015 kwa panya wa rd10, aina ya maabara ambayo rodi zake hufa kwa urithi, ilionyesha kwamba zinameza hata rodi ambazo bado zi hai. Kwa panya hao zinaingia tabaka la nje karibu siku ya 16 tangu kuzaliwa, na kilele cha vifo vya rodi kinakuja siku chache baadaye. Kwa hiyo jibu la "lini" ni hili: baada ya rodi kuugua, kabla haijafa. Hazikuwasha moto, ila zinaharakisha vifo.

Hapo wengi hurukia wazo la kuzifuta zote. Polepole. Mwaka 2019 ilionekana kwamba panya wa rd10 wasio na C3 ya komplementi (protini za kinga zinazotia alama vya kuzolewa), au wasio na kipokezi chake CR3, wanapoteza vipokea-mwanga haraka zaidi, kwa sababu takataka za seli zilizokufa hazizolewi. Mwaka huohuo ikaonekana kwamba mikroglia zilizofika chini ya retina zinalinda epithelia ya rangi. Ukiziondoa, epithelia inaharibika. Seli za aina moja, mahali pawili, kazi mbili. Ndiyo maana minosaiklini, antibiotiki inayotuliza mikroglia, ambayo imepunguza kasi ya uharibifu kwa panya, haijawa dawa ya kumwandikia mgonjwa wako.

Sasa turudi kwenye chumba cha uchunguzi. Panua mboni kwa tropikamidi 1%, na usubiri dakika 20 hadi 30. Macho yenye irisi nyeusi sana, ndiyo mengi hapa kwetu, yanachelewa, basi rudia tone au ongeza fenilefrini 2.5% baada ya kupima presha ya damu. Zima taa za chumba. Tumia mwanga mwembamba na mkali, uelekeze nyuma ya lenzi, kisha mwambie mgonjwa aangalie juu, chini, halafu mbele: vitreo inatikisika na seli zinacheza mbele yako. Za kahawia ni rangi iliyotoka kwenye epithelia. Nyeupe zinazong'aa ndizo za kinga. Andika zote mbili, kila moja peke yake, macho yote mawili.

Halafu angalia retina yenyewe, nyuma ndani ya jicho. Retinitisi ya kurithi huwa pande zote mbili na hufanana: rangi nyeusi yenye matawi kwenye eneo la kati ya pembeni, mishipa ya ateri iliyosinyaa, diski (mahali neva ya jicho inapoanzia) iliyopauka kama nta. Jicho moja tu likiwa hivyo, tafuta sababu nyingine kwanza. Vivyo hivyo kama kuna maumivu na wekundu, kama nyuma ya konea kuna madoa ya seli yaliyoshikana, au kama kuna kovu moja kubwa lenye kingo nyeusi karibu na makula (kitovu cha retina tunachosomea), sura ambayo toksoplasmosi huipenda sana.

Magonjwa yanayoiga huu Kivu ni mengi, na baadhi yanatibika, kwa hiyo hapa usikimbie. Kaswende inaweza kuacha retina inayofanana kabisa na retinitisi pigmentosa: omba RPR pamoja na TPHA, vipimo viwili vya damu vya kaswende, maana moja peke yake hupotosha. Upofu wa mto huacha makovu mapana ya koroidi. Muulize mgonjwa alikulia wapi, si anaishi wapi leo, na kama alikuwa anakunywa ivermektini ya kila mwaka. Kinini ikizidi huacha ateri nyembamba na diski nyeupe miaka mingi baadaye, lakini historia yake haijifichi: alipewa kinini ya malaria, masikio yakavuma, akaamka haoni. Retinitisi ya kurithi haiji usiku mmoja.

Na upungufu wa vitamini A, ambao ndio wa kwanza kuuondoa kwa mtoto asiyeona magaribi. Mwenye zaidi ya mwaka mmoja anapata yuniti 200,000 siku ya kwanza, 200,000 siku ya pili, na 200,000 baada ya wiki mbili. Wa miezi 6 hadi 12 anapata nusu ya hiyo kila mara, na wa chini ya miezi 6 robo. Mwanamke wa umri wa kuzaa mwenye upofu wa usiku usimpe kipimo hicho, kwa ajili ya mimba; yeye hazidi 10,000 kwa siku. Mtoto aliyekosa vitamini ataona tofauti ndani ya siku chache. Wa kurithi hataona.

Kuuliza upofu wa usiku ni kazi yenye ujanja wake. Bukavu umeme ukikatika kila mtu anapapasa, kwa hiyo "unaona vibaya usiku?" wote watasema ndiyo. Uliza kwa kulinganisha: "Mama, magaribi mkishuka ngazi za Kadutu na dada yako, nani anamshika mwenzake mkono?" Jibu linakuja bila kufikiri. Kisha chora ukoo wa vizazi vitatu, ukiuliza waziwazi kama baba na mama ni ndugu, nani asiyesikia vizuri (fikiria Usher, ugonjwa wa kurithi wa macho na masikio), na nani alizaliwa na kidole cha sita (fikiria Bardet-Biedl, ugonjwa mwingine wa kurithi). Wakiumwa wanaume tu, kupitia kwa akina mama, fikiria RPGR.

Kuhusu matibabu, vidoa vya vitreo peke yake havihitaji dawa. Kotizoni ya muda mrefu inapandisha presha ya jicho na kuleta mtoto wa jicho upande wa nyuma wa lenzi, palepale ambapo wagonjwa hawa tayari hupata. Kinachohitaji dawa ni maji kwenye makula: mgonjwa anasema kusoma kumekuwa kugumu kuliko zamani, na OCT (picha ya matabaka ya retina) inaonyesha vijifuko vyeusi. Hapo wengi huanza na dorzolamidi 2% ya matone mara tatu kwa siku, au asetazolamidi ya vidonge. Kabla ya vidonge uliza sikoseli (ugonjwa wa seli mundu), mawe ya figo na mzio wa salfa. Sikoseli hasa, usiiruke.

Wenye memwari (kazi ya kumaliza masomo) ya maabara, au mnaosoma makala kwa ajili ya semineri kwenye vyuo vikuu vyetu vya UCB, UOB au UEA, tazameni kwanza panya ni wa aina gani. C57BL/6N wana kosa la rd8 kwenye jeni Crb1, linaloleta madoa na mikroglia zilizokusanyika bila ugonjwa unaouchunguza. Jambo hili lilijulikana wazi mwaka 2012, na makala za kabla ya hapo zisomeni kwa tahadhari. Panya wa rd1 naye anapoteza rodi karibu zote kufikia siku ya 21, kwa hiyo dawa inayoanzishwa siku ya 20 haina cha kuokoa.

Toboa konea, kisha lihifadhi jicho kwenye paraformaldehidi 4% kwa muda wa saa moja tu. Likilala humo usiku kucha, antijeni (protini zinazotafutwa na rangi za kutambua seli) zinafichika na utasema mikroglia hazipo. Sukrozi 30% hadi jicho lizame, kisha vipande vya mikroni 10 hadi 12 vinavyopita kwenye neva ya jicho. Daima hesabu kwa umbali uleule kutoka kwenye neva, maana rd10 huanza kuharibika katikati na kwenda pembeni. Kati ya alama za kutambua seli, IBA1 inashika mikroglia na pia monositi (seli za kinga) zilizotoka kwenye damu. P2RY12 inashika mikroglia tulivu lakini inapungua zikichangamka, kwa hiyo kutoiona si ushahidi kwamba seli imetoka kwenye damu. GFAP inayopanda ni ya seli za Müller, zile zinazotegemeza retina, usiihesabu kama kinga. Ukibandua retina ili kuitandaza, mikroglia za chini yake zinabaki zimeng'ang'ania epithelia. Tandaza karatasi zote mbili, hesabu zote mbili, na kwenye jedwali andika idadi kwa kila tabaka na umri wa panya kwa siku. Jumla ya retina nzima peke yake inaweza kubaki ileile wakati seli zote zimehama.